Pumzi Nyuma ya Pazia

Albert Park, Durban

Kwako Yaya Nabintu, dada yangu mkubwa,

Namwomba Mungu barua hii ikukute umeketi barazani, goti lile limepata nafuu, na nyumba ya marehemu baba ingali na sauti za watoto. Mimi ni mzima wa mwili. Kuhusu moyo, ndiyo sababu ninakuandikia badala ya kupiga simu. Kwa simu ungenikatiza, na jambo hili nataka ulipate mpaka mwisho.

Unajua kwamba okestra yetu haina tajiri. Sisi wapigaji wenyewe ndio tunaomchagua yule anayetuongoza kwa kijiti, tunapanga nyimbo, na tunaamua nani aketi nasi. Mdogo wetu Mugisho alikuwa akisema ni kama baraza la wazee wa kanisa, ila hapa watu wanasikilizana. Tangu tulipomzika, kiti chake kando yangu kilikuwa kitupu. Nilikiwekea koti langu ili mtu asije akakisogeza.

Wiki iliyopita wenzangu waliamua kiti kipate mtu. Desturi yetu ni kwamba mwombaji hupiga nyuma ya pazia zito, ili tusimpendelee wala kumchukia kwa sura. Anayemtambua husema hivyo mara moja, kisha hutoka nje asipige kura. Mwombaji akikubaliwa, pazia hufunguliwa. Akikataliwa, huondoka kwa mlango wa nyuma, nasi hatujui kamwe alikuwa nani.

Walipita kadhaa. Kisha akaja mmoja, na kabla upinde haujagusa nyuzi, akavuta pumzi. Yaya, unaijua pumzi ile. Fupi, ya puani, kama ya mtu anayeingia maji baridi. Ndiyo iliyomfanya Padri, mwalimu wetu wa fidla, ampige Mugisho vidole, nawe ukamficha jikoni akilia.

Nikasimama. "Namtambua huyu."

Thandeka, mpiga tarumbeta tuliyemchagua kuwa mwenyekiti, akauliza, "Ni nani, Baba?"

"Ni mdogo wangu."

Sipho wa ngoma, ambaye hutania hata msibani, akasema polepole, "Eish, Baba Deo. Huyo si tulimzika pamoja?"

"Tulimzika. Kanuni haikusema lazima awe hai."

Nikatoka, nikasimama koridoni na rozari yangu. Fidla ikaanza. Mkono haukuwa wa Mugisho. Ulikuwa mwepesi zaidi. Kupitia mlangoni sikuweza kuisikia pumzi, lakini nilijua kila mahali ilipo. Nimefundisha katekisimu maisha yangu yote, Yaya. Najua wafu wako mikononi mwa nani, na najua hawarudi kuomba kazi.

Baadaye Thandeka akatoka. "Baba, kura zimelingana. Zikilingana, kiti hubaki kitupu. Basi tumepiga kura nyingine, juu yako wewe. Wenzako wamesema marehemu hawezi kuwa mwombaji, kwa hiyo hukumtambua mtu. Rudi utuamulie."

Nilirudi. Kama ningenyamaza, kiti kingebaki cha Mugisho. Nikainua mkono. Wenzangu wakapiga makofi, wakidhani nimekubali mdogo wangu apumzike. Haikuwa hivyo. Niliinua mkono kwa sababu hapakuwa na njia nyingine ya kufungua pazia.

Likafunguliwa. Alisimama pale binti wa mtaa wa Sydenham, mwenye miwani, fidla kifuani. Nikamsalimu. Nikaenda kuondoa koti langu kitini.

Sasa anaketi kando yangu. Hakumjua Mugisho, nimemuuliza. Kabla ya kila wimbo huvuta pumzi ile, nami hujikaza nisigeuze shingo.

Nisalimie shemeji, umwambie sifa za shamba lake nazisikia hata huku. Msalimie katekista wetu, anitaje katika sala za jioni. Mjane wa Mugisho mwambie kwamba kiti kimepata mtu. Habari ya pumzi usimwambie.

Bwana akulinde, Yaya.

Mimi, mdogo wako uliyebaki naye,
Deogratias