Imehifadhiwa, Haijasomwa

Jumatatu, 4 Machi

"Makala iliyohifadhiwa na watu mia tatu haiwezi kuwa mbovu." Mkuu wa wodi, leo kikaoni hapa hospitali ninakofundisha takwimu, mbele ya watu wazima! Inaweza, tena sana. Kuhifadhi ni kubofya tu. Hata paka akikanyaga kibodi anahifadhi.

Anazungumzia tovuti yetu ya alamisho, tunakoweka viungo vya makala za utafiti, kila mmoja akiona vya wenzake. Makala ya dozi kubwa ya antibiotiki ndiyo inayoongoza. Basi wodi nzima itaanza dozi hiyo Ijumaa. Dada yangu yumo wodini – kidonda kimeoza, figo zimechoka.

Nikauliza nani ameisoma. Mfamasia akacheka: "Mwalimu wa takwimu, umeanza tena?"

Jumanne, 5 Machi

Nimeisoma. Wenye figo mbovu waliondolewa kwenye utafiti tangu mwanzo. Imeandikwa waziwazi! Dozi hiyo haikujaribiwa kwa mtu hata mmoja aliye kama dada.

Kisha nikatazama lebo ambazo watu wamebandika walipoihifadhi. "Ya kusoma." "Baadaye." "Nitaisoma." Ukurasa baada ya ukurasa. Ya Mkuu mwenyewe: "Nikipata nafasi."

Mia tatu, na wote wanangojea nafasi!

Jumatano, 6 Machi

Nimeandika onyo refu, nikaliweka kwenye tovuti. Hadi mchana watu kumi na wanane wamelihifadhi.

Lebo: "Ya kusoma."

Nilimpelekea dada uji. Akaniangalia usoni. Leo umegombana na nani? Na wote, nikamwambia. "Ngoja kwanza nipone, mdogo wangu, ndipo uwamalize."

Hakumaliza uji.

Ijumaa, 8 Machi

Mkuu kaniambia mwongozo wa dozi umeshapitishwa; nikiwa na hoja niiweke kwenye tovuti. Kwenye tovuti!

Muuguzi alikuja na sindano ya dozi hiyo kwenye trei. Nimekaa ukingoni mwa kitanda, sibanduki. "Mama, nipishe nifanye kazi yangu." Sikumpisha. Ameenda kumwita bosi wake. Dada anasema namwaibisha, lakini mkono wangu hajauachia.

Viatu koridoni. Ni yeye.

Haya, Mkuu – na ninyi nyote mlioihifadhi – simu hii hapa, makala iko wazi. Isomeni. Sasa hivi, kwa sauti, huyu mgonjwa akisikia. Kabla hamjamaliza, msimguse.