Supu Haikumwinua Odilo

S.L.P. 47,
Makambako.
16 Juni 1996

Mpendwa wifi Telesia,

Tumsifu Yesu Kristo. Kamwene, wifi yangu. Hujambo huko Kigoma? Ule mgongo uliokuwa ukikusumbua umepoa? Na baba watoto bado anasafiri na treni? Sisi huku tunapumua kwa neema ya Mungu. Baridi imeshika kweli, hata maji ya ndoo yanauma mikono.

Ningependa niishie kwenye salamu, lakini nikikuficha wewe, nitamwambia nani? Mdogo wako Odilo hasimami tena.

Unakumbuka alivyokuwa akipasua mbao kule Matembwe, yuko juu ya gogo na msumeno kutwa nzima. Biashara ilipofunguliwa kwa watu binafsi akaja kuuza mbao hapa Makambako, akakaa kitini. Aliponenepa nilifurahi, wifi. Wanawake walinisifu kwamba namtunza mume. Nikimkuta ameshika jembe nalichukua, maana mwenye duka akilima watu husema amefilisika.

Kwaresima ya mwaka jana tulikuwa kwenye Njia ya Msalaba. Kituo cha kwanza tukapiga magoti, tukainuka, yeye akabaki chini. Mama mmoja nyuma yangu akanong'ona, "Baba Ronald ana imani huyu!" Kumbe miguu imekataa. Wanakwaya wakaja kumnyanyua huku jasho likimtoka.

Tukasema ni udhaifu, basi ale. Wanajumuiya wakatulimia shamba ili asijichoshe. Mimi kila asubuhi nikampikia supu ya makongoro, nikiamini miguu ya ng'ombe itaipa nguvu miguu yake. Akazidi kunenepa, na miguu ikazidi kulegea.

Daktari wa misheni alituelewesha kwa upole. Alisema nyama ya mwili haijengwi ikaisha. Kila siku inabomoka kidogo na kujengwa upya. Ile protini tuliyofundishwa shuleni, ya nyama na maharage, ndiyo matofali, lakini kinachoyaita matofali yaende kwenye misuli ni kazi. Mtu akikaa tu, na mafuta yakajaa mpaka ndani ya misuli, mwili hausikii vizuri tena. Chakula kinaingia, misuli haijengeki, na kinachozidi kinageuka kuwa mafuta. Akaniambia nishike paja la mume wangu. Paja kubwa, wifi, lakini laini kama unga uliokandwa. Mtu wangu alikuwa anakonda ndani ya unene, nami ndiye mpishi.

Aliagizwa kutembea kila siku, na kuketi na kuinuka kitini. Akaanza kwa moyo. Siku alipofika stendi anahema, wapakia magunia wakamwona. "Bosi, gari umeuza?" Mwingine akadakia, "Mwacheni, anawakimbia watu wa kodi!" Wakacheka wote. Alirudi akavua viatu, hakutoka tena. Nikamsihi, hao ni vijana wa stendi tu. Akanijibu, "Mama Ronald, niache nife na heshima yangu."

Sasa ni kitandani. Tunamgeuza mimi na Lidia, binti yetu, na Padre humletea Komunyo humu ndani. Mwezi uliopita alikuja Hezekia, yule aliyekuwa akivuta naye msumeno. Anakula ugali na maharage, na bado anapasua mbao. Odilo aliitazama mikono yake, akageukia ukutani. Hakuagana naye.

Nilirudi kwa daktari peke yangu. Hakuniambia haiwezekani. Alisema tu kwamba misuli iliyokaa muda mrefu hivi hurudi kwa shida sana, na mwenyewe asipotaka, hairudi. Kisha akaniuliza kama nalala vizuri. Hapo nikaelewa kwamba sasa mgonjwa anayemtazama ni mimi.

Nasali rozari, wifi, ila siku hizi nafika katikati sijui tena naomba nini. Wewe ndiye uliyembeba Odilo mgongoni mama yenu alipofariki. Maneno yangu kwake yamekwisha. Mwandikie wewe, mwamrishe kama mtoto, akae tu ukingoni mwa kitanda aishushe miguu. Sina hakika atakusikia, lakini hajabaki mwingine.

Wasalimie baba watoto, Zipora na wadogo zake. Ronald na Lidia wanakuamkia, shikamoo shangazi. Mama Bikira Maria awafunike.

Ni mimi wifi yako nikupendaye sana,
Emerensiana

Tafadhali usikawie kujibu.