Damu ya Upande wa Mama

Dar es Salaam, 3 Februari 2025

Baba mdogo Stanislaus,

Mwakeye! Hapo Kitahana mnaendeleaje? Goti lako je? Na mwanao Sylvesta, mdogo wangu, bado anaanguka? Mimi mzima, ila usingizi umenikimbia kwa furaha!

Unajua kwenye maabara yetu tunachunguza mitokondria, vitu vidogo mno ndani ya mwili vinavyogeuza chakula kuwa nguvu. Ubongo unakula nguvu nyingi. Vikilegea, ubongo ndio wa kwanza kulalamika. Basi katika damu ya Sylvesta tumeona hitilafu kwenye mitokondria hizo hizo! Huenda ndiyo chanzo cha kifafa chake. Ikithibitika, daktari atamwachisha dawa anayotumia, maana inaweza kuvilegeza zaidi.

Mpeleke ndugu yake wa damu kliniki, Kasulu, apimwe tulinganishe. Fanya haraka, Baba mdogo!

Mwanao,
Nadine


Kitahana, 14 Februari 2025

Mwanangu Nadine,

Salamu tele. Goti linauma ila linatembea. Sylvesta alianguka tena Jumapili akipalilia maharage. Bahati nilikuwa nyuma yake kama kawaida. Kijana mwenye ndevu, namfuata shambani kama mbuzi! Amechoka nami.

Agizo lako tumelitimiza! Shangazi yako Esteri katoa damu, nami nikatoa. Binamu yangu Mpawenimana akaja na wanawe, hataki kupitwa. Ukoo mzima tulipanga foleni hadi muuguzi akaishiwa vichupa. Sasa msikose jibu!

Baba yako mdogo,
Stanislaus


Dar es Salaam, 25 Februari 2025

Baba mdogo,

Shikamoo. Natumaini hamjambo wote. Nimecheka, kisha nikashika kichwa.

Kwetu mtoto ni wa ukoo wa baba, sawa. Lakini mitokondria kila mtu huzirithi kwa mama yake. Damu yenu yote hiyo hainisaidii hata tone! Namtaka Jeanne wa Munanila, dada wa marehemu mama yake Sylvesta.

Najua tangu mazishi hamsemezani, na najua uliwaambia wao ndio waliomloga mtoto. Lakini bila Jeanne daktari hataigusa ile dawa. Nenda, nakuomba.

Nadine wako


Kitahana, 28 Mei 2025

Mwanangu Nadine,

Hujambo? Sisi wazima, na leo nasema hivyo kwa kifua mbele! Uniwie radhi kwa kimya.

Nilikwenda Munanila na pombe ya ndizi, kama mtu anayeposa upya. Jeanne akasimama mlangoni: “Shemeji, umekuja kutushtaki tena?” Nikamwambia nimekuja kuomba damu. Alicheka, halafu akalia. Kumbe binti yake Ange naye huanguka, na wao walikuwa wakisema wachawi ni sisi! Niliomba msamaha mbele ya watu wote, nikaona aibu, nikaona na raha. Kesho yake tulipanda gari moja hadi Kasulu.

Daktari amenisomea majibu yenu: hitilafu ni ile ile! Sylvesta amebadilishiwa dawa kidogo kidogo, na Ange anapimwa. Daktari kasema huku si kupona, kuanguka kunaweza kurudi. Lakini mwezi huu wote Sylvesta hajaanguka, Nadine! Hata mara moja!

Leo asubuhi amechukua kikapu, akaenda kung'oa maharage. Nikainuka nimfuate. Akageuka, akanitazama tu.

Nimekaa. Ndiyo maana nimepata nafasi ya kukuandikia.

Baba yako mdogo,
Stanislaus