Baba Bado Anaendesha

Jumapili, 12 Oktoba

Nimerudi kutoka kazini, kioo cha pembeni cha gari la Baba kinaning'inia. Cha pili mwezi huu. Baba anasema ni mbuzi. Mbuzi gani mrefu hivyo?

Jumatatu, 13 Oktoba

Amemimina kahawa nje ya kikombe, akaendelea kumimina. Macho yamekwisha, na hataki kusikia. Kila asubuhi anakwenda sokoni Ibra kwa gari, mimi niko ofisini nangoja simu mbaya. Kaka yangu Nassor anasema nifiche ufunguo. Rahisi kusema, yeye yuko mbali, Sur. Nani amnyang'anye baba yake ufunguo? Na baba mwenyewe huyu, aliyeendesha magari ya mashindano, grand prix, Nakuru mpaka Ulaya, enzi ambazo hata mkanda hawakufunga. Picha zimejaa ukutani.

Naogopa ataua mtu. Haya, nimeliandika.

Alhamisi, 16 Oktoba

Kwetu mtoto hamkatazi mzazi. Anamtafutia mkubwa wake aseme naye. Nimempigia Ami Said, kaka yake Baba, yuko Al Qabil. Kesho mjukuu wake atamleta. Leo nitalala.

Ijumaa, 17 Oktoba

Ami amekuja baada ya sala. Shikamoo, halua, kahawa. Halafu Nakuru: kona ipi ilikuwa mbaya, nani alipinduka, nani alishangiliwa. Mimi jikoni nimetega sikio, nangoja aanze. Mara injini. Wametoka wote wawili, Ami kiti cha mbele anacheka.

Waliporudi, Ami akanivuta pembeni. "Baba yako mkono wake ule ule, mashaallah."

Mkono! Nani kauliza mkono? Nimelia jikoni, bomba la maji nimelifungua nisisikike.

Jumapili, 19 Oktoba

Nimeomba ruhusa kazini, nikapanda naye. Sikuwa na jengine la kufanya. Hakuniuliza kwa nini siendi kazini.

Karibu na shule nikasema, "Baba, simama."

Akasimama pale pale. Watoto wakavuka mbele yetu na mikoba yao. Mmoja akatupungia mkono. Baba, ambaye hapiti mtoto bila kumtania, alitazama mbele tu.

"Wangapi?" akauliza.

"Wengi."

Mikono yake kwenye usukani, imetulia.

"Wamekwisha?"

Wa mwisho alikuwa ameshaingia getini. Barabara tupu.

"Bado, Baba," nikasema.

Akaendelea kungoja.