Kasyoka, Ulikuwa Umeomba Mkanda

Kasyoka wangu,

Nimefungua laptopu leo nikidhani nitasoma, na badala yake nakuandikia wewe. Nimerudi kijijini kwetu Tulia. Nakaa nyuma ya duka la binamu yangu, napiga chapa barua za watu na kuwajazia fomu za serikali kwenye mtandao. Kazi yetu ya kufunga mitandao kule Mwingi imekwisha. Nitakuambia ilivyokwisha, lakini kuna kitu nataka kukuuliza kwanza, na hakuna mwingine wa kuulizwa.

Ulinisikia nikikuita ulipoanguka?

Siku ile Mbooni wewe ulikuwa juu ya mlingoti unaelekeza dishi. Mimi nilikuwa bondeni, ndani ya zahanati, simu sikioni, macho kwenye skrini. "Mwikali, sasa?" Nikasema bado, sogeza kushoto kidogo. "Na sasa?" Ishara ikapanda ghafla, nikapiga kelele kama mtoto: "Hapo hapo! Usiguse tena!" Ukacheka. Nilisikia upepo kwenye simu, halafu nikasikia kitu ambacho siwezi kukiandika. Nilitoka mbio nikapanda boda boda, na njia ile ya mlimani ilikataa kwisha. Nilipofika, wakulima walikuwa wameshakufunika kwa leso.

Mtandao ulikuwa unafanya kazi, Kasyoka. Unafanya kazi hadi leo. Dishi liko vilevile ulivyoliacha, muuguzi anatuma ripoti zake bila shida. Ni kazi safi kabisa. Naichukia.

Tulikuzika hapa kwenu, upande wa mihogo. Pasta alisema Mungu amekupenda zaidi, kina mama wakaitikia amina. Mimi sikuitikia. Nilikuwa nafikiria jina lako, jinsi kwetu mtoto anayehesabiwa kuwa ni marehemu aliyerudi huitwa Kasyoka. Nikatazama udongo ukiingia. Arudi nani?

Niliporudi ofisini, meneja alinisubiri hadi nikanywa chai, kisha akaniambia nifute akaunti yako. Alikuwa sahihi, na hilo ndilo liliniuma. Wewe mwenyewe ulinikaririsha tuliposoma sura ya usalama ya mtihani wetu wa mitandao: mtu akiondoka kazini, anafungiwa milango yote siku hiyo hiyo, hata kama ni rafiki yako. Nikaingia kwenye seva. Nikaliona jina lako, na chini yake ile ruta ya Mbooni, kifaa cha mtandao cha zahanati, mahali pa mwisho ulipoingia. Mashine ikaniuliza kama nina uhakika. Nililisoma tena jina lako. Halafu nikabonyeza ndiyo, nikaenda chooni, nikalia nikiwa nimeuma kitambaa cha kichwa ili nisisikike.

Wiki hiyo hiyo waliniletea karatasi. Ilisema kampuni ilikupa mkanda wa usalama ukakataa kuuvaa kwa haraka zako. Mimi niweke sahihi kama shahidi.

Mkanda gani? Wewe ndiye uliyeuomba. Nilikuwepo uliposimama mlangoni kwa meneja ukasema, "Ule wa zamani umekatika. Siwezi kupanda na kamba ya kufungia mbuzi." Akacheka, akasema mwezi ujao. Na asubuhi ya Mbooni alipiga simu akisema mteja analalamika, mpande tu, ni kazi ya dakika chache. Ukanitazama, ukavuta pumzi, ukavaa glavu zako.

Sikuweka sahihi. Meneja hakufoka hata. Alisema kwa upole, "Mwikali, hizi kazi za mitandao huku ni chache, na sisi wote tunajuana." Mwisho wa mwezi sikuitwa tena kazini.

Nilienda kufanya ule mtihani wetu peke yangu. Ni ile siku tuliyopanga twende wote wawili, nikaona nisipoenda nitakuwa nimekuzika mara ya pili. Nairobi kulikuwa na baridi. Maswali ya kugawa anwani za mtandao nilijibu bila kusita, maana nilikuwa nakusikia kule stoo ya ofisi, saa ya mchana, malori ya Garissa yakinguruma nje na wewe umekalia sanduku la swichi: "Ni shamba la baba, Mwikali. Gawa, weka mipaka. Pembe ya kwanza na ya mwisho hazilimwi, anwani hizo hapewi mtu. Na usisahau njia ya kutokea." Nilikaribia kutabasamu.

Halafu likaja swali lenye picha. Mlingoti juu ya kilima, dishi, na ishara dhaifu. Fundi afanye nini? Jibu lilikuwa jepesi, hata mtu wa mwaka wa kwanza angelijua: aelekeze dishi upya. Nilichotakiwa ni kubonyeza tu. Kasyoka, sikuweza kumpandisha yule fundi. Mtihani ule haukubali uruke swali, basi nikakaa nalitazama mpaka muda ukaisha. Nimeanguka. Watu wanasema nirudie. Sijui kama ninayo nguvu ya kurudia kitu chochote.

Juzi nilienda kwenu. Mama yako ananiita mwanangu, kisha anageuza uso. Baba yako alinifuata hadi karibu na zizi, akavua kofia, akauliza kwa sauti ya chini, "Wale watu wa kampuni walisema ulikuwa ukaidi wake mwenyewe. Ni kweli alikataa mkanda?" Mzee wa watu alikuwa amebeba hilo tangu matanga. Nilimwambia yote. Alishika mti wa zizi, akasema tu, "Alikuwa ameomba." Akalirudia. Sikujua kama nimemtua mzigo au nimemwongezea. Nadhani nimemwongezea.

Sasa ameenda kulalamika ofisi ya leba, ya haki za wafanyakazi, kule Kitui, nami nimeitwa kusema niliyoyaona. Meneja atakuwepo na wakili wake. Sina karatasi, sina ushahidi, nina masikio yangu tu. Nikisema, hakuna ofisi yenye kompyuta kuanzia Mwingi hadi Wote itakayonichukua. Na hata wakiniamini, wewe bado uko hapa chini ya mihogo.

Naogopa. Sina wa kunisukuma mgongoni akisema twende. Sijaona hata asubuhi moja iliyokuwa nyepesi tangu uende, na siwezi kukudanganya kwamba naiona ikija.

Lakini nitaenda. Hilo nakuahidi. Nitasimama mbele yao nitaje jina lako lote, niseme ulijua kazi yako, uliogopa kama mtu mwenye akili, na ulisema ukweli mlangoni kwake akacheka. Sauti ikinikatika nitalitaja jina lako tena, kisha nitaendelea.

Lala, dada yangu. Kwaheri.

Mwikali