Protoni Mbona Hazikimbiani?

Jumatatu, 5 Mei
Kidato cha nne, kiini cha atomu. Mwaka wa kumi na moja nafundisha mada hii huku nawaza chakula cha mchana. Nimechora protoni zimebanana katikati. Atupele akanyoosha mkono: "Sir, ulisema chaji zinazofanana zinasukumana. Hizo mbona hazikimbiani?"
Sijawahi kuulizwa. Wala kujiuliza. Nikasema nyutroni zinazishika, kama gundi. Kengele ikaniokoa.

Jumanne, 6 Mei
Haikuniokoa. Atupele tena: "Sir, nyutroni haina chaji. Inashikaje?" Nikajibu hilo ni swali la chuo kikuu. Darasa likaguna. Aibu.
Mkuu wa shule katangaza: mkaguzi anakuja Alhamisi. Ataanzia kwangu.

Jumatano, 7 Mei
Nimefukua kitabu cha chuo, panya wamekila pembeni. Kumbe ipo kani nyingine, ya nyuklia. Inashinda msukumano wa chaji, ila kwa karibu mno tu. Ukisogea mbali kidogo, haipo. Nyutroni nazo zinavuta kwa kani hiyo, bila kusukuma mtu. Nimeelewa! Nikamweleza mke wangu. Akasema hongera, kuku wameingia bandani?
Lakini darasani nitaionyeshaje? Natoka nje, kiatu kikanasa kwenye bablishi iliyotafunwa. Nikasimama pale kama mlingoti: hii nayo hushika kwa kugusa tu!
Balaa: mwalimu wa nidhamu ni mimi. Wiki iliyopita tu nimewafyekesha nyasi wanafunzi wanne kwa kutafuna bablishi.

Alhamisi, 8 Mei
Mkaguzi kakaa nyuma, sura kavu. Nikakiri kwanza: Jumatatu nilibahatisha. Akaandika kitu. Jasho.
Kisha nikagawa bablishi. "Tafuneni." Hakuna aliyethubutu. Walidhani mtego. Nikatafuna mimi. Ndipo darasa zima likatafuna, na mkuu wa shule akapita dirishani. Sitasahau macho yale.
Sumaku mbili, ncha zinazofanana zikitazamana, bablishi imebandikwa kwenye ncha hizo. Kwa mbali zikasukumana. Atupele akazigandamiza mpaka zikagusana. Zikanasa! Makofi. Mkaguzi akaja kujaribu, akanasa vidole, akacheka mpaka akakohoa.
"Mwalimu, nimefundisha Fizikia miaka ishirini. Namshukuru Mungu huyu binti hakuwa darasani kwangu."

Ijumaa, 9 Mei
Manyunyu tangu asubuhi. Mkuu wa shule hajanisemesha.
Mchana Atupele kaja ofisini. Elektroni na protoni zinavutana. Mbona elektroni haidondoki ndani ya kiini?
Nikamwambia sijui vizuri. Safari hii sikuona aibu. Nikamsogezea kiti, tukafungua kitabu.