Rangi ya Ule Mlango

Mama yangu,

Nimefika. Kule Ujerumani, kwenye mji wetu wa vipande, nimefika kwa miguu yangu.

Unakumbuka lile boksi la picha ya vipande ulilopewa na madamu wako wa Overport, yule uliyemsafishia nyumba? Halikuwa na kifuniko, jina la mji tu ubavuni. Tuliipanga ile picha juu ya meza yetu hapa Umbilo, kipande kwa kipande, wiki mbili tunakula sahani zikiwa mapajani. Mwisho kikakosekana kipande kimoja tu: mlango wa nyumba ya kona. Wewe ukasema ni mwekundu. Mimi nikasema wa kijani. "Wee mtoto, nyumba ya heshima hivi, mlango wa kijani?" Tukabishana mpaka hospitali, Mama. Siku ya mwisho ulinibana kidole: "Nenda ukaone. Utaniambia kama si mwekundu."

Yaya Furaha, dada yangu, ndiye alituita kwake huko, akatupeleka kwa treni, mimi na Mapendo wako. Hujamwona. Alizaliwa mwaka mmoja baada ya kukuzika, nikampa jina lako. Ana miaka miwili, na mdomo pia ni wako. Nikiwa nasuka watu kwenye kiti chako pale saluni, yeye ndiye anasalimia wateja.

Mama, ni kama ndoto. Ukuta wa mawe umeuzunguka mji mzima. Nyumba ni za zamani sana, zimeinamiana kama wamama wanaosengenya, na mbao nyeusi zimepita ukutani vizuri, kama mistari yako kichwani kwa mteja. Kengele ikalia. Nilitembea polepole, naogopa nikikanyaga vibaya nitaamka niko Umbilo Road.

Na nyumba ya kona iko! Yaya alibaki kwenye uwanja, mimi nikasogea. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Mara Mapendo akaniponyoka mkono, akaingia mbio. Eish! Nikamfuata naita, "Mama! Mama, rudi!" maana ndivyo ninavyomwita. Nikasikia sauti yangu mle ndani, nikasimama. Nilikuwa kama nakuita wewe. Bibi mmoja akatoka jikoni, akaniona nalia. Akatukatia keki.

Kwenye treni Yaya akasema, "Haya, ni rangi gani?"

Mama, sikuangalia. Nimeingia, nimetoka, sikuangalia! Yaya alicheka watu wote wakageuka.

Basi nakuahidi: Mapendo akishajua rangi, nitamrudisha kule, yeye ndiye atatuamua. Mpaka siku hiyo baki na wekundu wako, na mimi na kijani changu.

Pumzika, mbishi wangu.

Ni mimi, mtoto wako.